Nyungo Mbili za Karanga: Historia ya Sumukuvu na Uji wa Mtoto Nchini Uganda

Utangulizi

Bibi yangu alikuwa na nyungo mbili za karanga. Katika ungo wa kwanza aliweka karanga nzuri, zile nene zenye ngozi nyekundu isiyokunjamana. Hizo ziliuzwa kwa wachuuzi waliokuja kwa baiskeli kutoka Soroti. Katika ungo wa pili aliweka zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizoanza kuota ukungu. Hizi hazikutupwa. Zilikaangwa, zikatwangwa, zikatiwa kwenye mchuzi na kwenye uji. Uji huo tuliunywa sisi wajukuu kila asubuhi, na aliyekuwa mdogo kuliko wote aliongezewa, kwa kuwa bibi aliambiwa kliniki kwamba karanga hujenga mwili wa mtoto.

Bibi hakuwa mchoyo wala mjinga. Karanga nzuri zilikuwa ada ya shule, na mbovu zilikuwa chakula. Neno sumukuvu sikulisikia kwake. Nililikuta mara ya kwanza darasani, katika somo la Kiswahili, tuliposoma tangazo la afya kutoka Tanzania. Nilipolielewa nilikumbuka ule ungo wa pili, nikajiuliza tangu lini sumu hii inajulikana, na ni nani aliyeijua.

Jibu lilinishangaza. Sumu hii imejulikana kwa zaidi ya miaka 60, na karanga zilizosaidia kuigundua zilitoka Uganda. Katika insha hii nitaonyesha kwamba, kama bibi yangu, dunia nayo imekuwa na nyungo mbili. Chakula kinachouzwa kilipimwa mapema. Uji wa mtoto mdogo, anayeumizwa na sumu hii kuliko wote, ulifikiwa mwisho.

Sumukuvu ni nini

Sumukuvu ni sumu zinazotengenezwa na aina fulani za kuvu, yaani ukungu, zinapoota kwenye nafaka, karanga, mihogo mikavu na vyakula vingine. Zipo za aina nyingi. Insha hii inahusu hasa aflatoksini, inayotokana na kuvu iitwayo Aspergillus flavus na jamaa zake. Kuvu hizi hupenda joto na unyevu. Huweza kuuingia mmea ungali shambani ikiwa umedhoofishwa na ukame, na huweza kuingia baada ya mavuno ikiwa mazao yameanikwa juu ya udongo au yamewekwa ghalani kabla ya kukauka.

Mambo matatu yanaifanya sumu hii iwe hatari. Kwanza, haionekani kwa macho, na mtu hawezi kuitambua kwa kuionja wala kuinusa. Ukungu ukifutwa, sumu yaweza kubaki ndani ya punje. Pili, moto wa jikoni hauimalizi, hata uji ukichemka kwa muda mrefu. Tatu, hushambulia ini. Ikiliwa nyingi kwa siku chache huweza kuua. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huweza kuleta saratani ya ini, na mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kati ya vitu vilivyothibitika kumsababishia binadamu saratani.

Bata mzinga wa Uingereza, karanga za Uganda

Mwaka 1960 bata mzinga walianza kufa Uingereza. Katika miezi michache walikufa zaidi ya 100,000. Ini zao zilikuwa zimeharibika, lakini hakuna kijidudu cha maradhi kilichopatikana. Kwa kukosa jina la kuupa, ugonjwa huo uliitwa X. Baadaye iligunduliwa kwamba mashamba yaliyopata hasara yalikuwa yakinunua malisho yenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil. Vifaranga wa bata waliolishwa mashudu hayo maabarani walikufa vilevile.

Hapo ndipo Uganda inapoingia. Ilionekana kwamba tatizo si la Brazil peke yake, maana karanga za Afrika Mashariki nazo zilikuwa na sumu. Mwaka 1961 watafiti wa Uingereza waliotesha kuvu kutoka kwenye karanga za Uganda zilizokuwa na sumu kali, wakaitambua kuwa ni Aspergillus flavus, na wakaonyesha kwamba kuvu hiyo ndiyo inayotengeneza sumu. Kutokana na jina la kuvu hiyo likazaliwa neno aflatoksini. Kufikia mwaka 1963 muundo wa kikemia wa sumu hii ulikuwa umejulikana.

Hiyo ni kasi kubwa kwa sayansi ya wakati ule, na sababu yake ni wazi. Bata mzinga walikuwa mali, waliokufa walihesabiwa, na wafugaji walikuwa na chama, madaktari wa mifugo na magazeti. Kiwanda cha malisho kilikuwa na hofu ya kupoteza wateja. Karanga zilizoacha Uganda zikafika maabara ya Uingereza zilipimwa. Zilizobaki hapa Uganda ziliendelea kuliwa.

Mulago: karanga kama dawa

Katika miaka hiyohiyo, Hospitali ya Mulago mjini Kampala ilikuwa mashuhuri duniani kwa jambo jingine, nalo ni unyafuzi. Huu ni utapiamlo unaompata mtoto aliyeachishwa ziwa. Miguu huvimba, nywele hugeuka rangi, ngozi hubanduka na ini hujaa mafuta. Daktari Cicely Williams alikuwa ameueleza mwaka 1933 akiwa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, na baadaye akautangaza kwa jina la Kiga, kwashiorkor. Hapa Uganda, Hugh Trowell na wenzake J.N.P. Davies na R.F.A. Dean walichapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1954.

Maelezo yaliyokubalika wakati huo yalikuwa kwamba mtoto amekosa protini. Alikuwa akilishwa ndizi, mihogo au viazi vitamu tu. Dawa ikawa kumtafutia protini ya bei nafuu, na kwa mkulima wa Uganda protini hiyo ilikuwa maharagwe na karanga. Mwaka 1965 kikafunguliwa Mulago kitengo cha Mwanamugimu, ambako mama hakuandikiwa dawa tu bali alifundishwa kupika. Jina lake limetokana na methali ya Kiganda isemayo kwamba mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko, yaani na jinsi alivyolelewa. Hadi leo akina mama wanakijua chakula cha mchanganyiko kiitwacho kitobero, ambamo ndizi au viazi hupikwa pamoja na maharagwe, karanga au dagaa.

Sisemi kwamba mafundisho hayo yalikuwa mabaya. Yaliokoa watoto wengi. Mtoto anayekula ndizi tupu anahitaji kweli kuongezewa kitu. Lakini mwanahistoria hawezi kuacha kuona kwamba mambo mawili yalikuwa yakienda sambamba bila kukutana jikoni. Katika wodi ya watoto, karanga zilikuwa dawa. Katika maabara, karanga zilikuwa na sumu.

Na maabara hiyo haikuwa mbali. Kati ya Septemba 1966 na Juni 1967, watafiti akiwemo Michael Hutt, profesa wa patholojia wa Makerere, walikusanya sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa majumbani katika sehemu mbalimbali za Uganda. Karibu sampuli 3 katika kila 10 zilikuwa na aflatoksini. Sumu ilionekana zaidi katika sehemu ambako saratani ya ini ilikuwa nyingi, ikiwemo Karamoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971.

Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1970, ilichapishwa taarifa ya kijana wa Uganda wa miaka 15 aliyekufa kwa ini kuharibika ghafla. Watoto wengine wawili wa nyumba ile waliugua pia, wakapona. Mihogo waliyokuwa wakila ilikutwa na miligramu 1.7 za aflatoksini kwa kilo, kiasi kikubwa mno. Katika taarifa hii sumu imekutwa ndani ya chakula cha familia ya Uganda, na watoto ndio walioumia.

Uamuzi wa mwaka 1966

Mashirika ya kimataifa hayakuwa yamelala. Mwaka 1966 kundi la washauri wa protini la Umoja wa Mataifa liliketi na swali gumu. Unga wa karanga ulikuwa unapangwa kutumiwa katika vyakula vya kuokoa watoto wenye utapiamlo. Je, ukatazwe wote kwa sababu ya sumu? Waliamua kuruhusu hadi mikrogramu 30 za aflatoksini kwa kilo ya unga huo. Hoja yao ilikuwa kwamba hatari ya kukosa protini ni ya leo, na hatari ya sumu kidogo ni ya kesho.

Nimeutafakari sana uamuzi huu. Ni rahisi kuulaumu sasa. Lakini ukisimama kando ya kitanda cha mtoto aliyevimba miguu, unaweza kuuelewa. Kosa ninaloliona haliko katika namba 30. Liko katika kudhani kwamba kutakuwa na mtu wa kupima. Kipimo ni ulinzi pale tu penye mpimaji. Nchini India, watoto 20 waliokuwa wakitibiwa unyafuzi walipewa kwa bahati mbaya unga wa karanga uliokuwa na mikrogramu 300 hivi kwa kilo, yaani mara kumi ya kiwango hicho. Taarifa iliyotolewa mwaka 1971 ilisema kwamba ini zao ziliharibika. Walikuwa wamepelekwa hospitalini kulishwa ili wapone.

Miaka ya kimya, na majirani waliozungumza

Januari 1971 Idi Amin alichukua madaraka. Katika miaka iliyofuata, walimu na watafiti wengi waliondoka Makerere na Mulago, wageni na wenyeji. Kitengo cha Uingereza kilichokuwa kikichunguza lishe ya watoto Kampala kiliondoka, na kazi yake ikaendelea Keneba, nchini Gambia. Kwa hiyo maswali yaliyoanza hapa yalijibiwa Afrika Magharibi, kwa damu ya watoto wa huko.

Majibu yalichukua muda. Mwaka 1982 Ralph Hendrickse na wenzake walitangaza utafiti wa watoto wa Sudan, wakisema kwamba aflatoksini ilionekana zaidi kwa wenye unyafuzi. Wazo kwamba sumu hii ndiyo chanzo cha unyafuzi halijathibitishwa, lakini lilirudisha macho kwa mtoto. Mwaka 2002 ulitangazwa utafiti wa watoto 480 wa Benin na Togo, wa umri wa miezi 9 hadi miaka 5. Asilimia 99 yao walikuwa na alama za aflatoksini katika damu, na wenye nyingi zaidi walikuwa wafupi na wepesi zaidi kwa umri wao. Miaka miwili baadaye, watoto 200 wa Benin walifuatiliwa kwa miezi 8. Robo ya watoto waliokula sumu nyingi zaidi walikuwa wamerefuka kwa sentimita 1.7 pungufu kuliko robo ya waliokula kidogo zaidi. Jambo jingine lilionekana wazi: sumu ilikuwa nyingi zaidi kwa watoto waliokwisha kuachishwa ziwa kuliko wale waliokuwa bado wananyonya.

Sababu yake si ngumu. Ziwa la mama hupitisha sumu kidogo tu kati ya ile aliyokula. Uji huipitisha yote. Mtoto wa mwaka mmoja hula chakula kingi ukilinganisha na uzito wake, hula chakula kilekile kila siku, na ini lake ni changa. Mtu mzima akila mahindi mabovu leo, kesho atakula viazi. Mtoto atarudishiwa uji uleule.

Wakati huohuo majirani zetu walipata misiba ambayo haikuweza kufichwa. Nchini Kenya, mwaka 1981, watu 20 wa Machakos waliugua na 12 wakafa. Mwaka 2004 katika Makueni, Kitui na wilaya jirani waliugua watu 317 na 125 wakafa, wengi wao kwa kula mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa mabichi. Mwaka 2016 zamu ilikuwa ya Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, waliokufa 20. Baada ya misiba hiyo neno sumukuvu lilitoka katika karatasi za wataalamu likafika redioni. Watafiti wa Tanzania walikuwa wamekwisha kutazama uji wa mtoto. Huko Rombo, Kilimanjaro, walipima fumonisini, sumukuvu nyingine ya mahindi. Watoto waliokula zaidi ya kiwango salama walikuwa, walipofika mwaka mmoja, wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328.

Ni lazima niseme hapa kwamba udumavu hauna chanzo kimoja. Njaa, kuhara, malaria, maji machafu na mimba za karibu karibu vyote vinachangia. Huko Meru na Tharaka-Nithi, nchini Kenya, ulifanyika utafiti ambao familia zilisaidiwa kupata mahindi yasiyo na sumu. Katikati ya utafiti tofauti ya urefu ilionekana, lakini mwishoni haikuonekana tena. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba tukiondoa ukungu watoto wote watarefuka. Tunachoweza kusema ni kwamba hakuna sababu yoyote ya kuendelea kumnywesha mtoto sumu ya ini huku tukisubiri wataalamu wakubaliane juu ya sentimita.

Mpakani na jikoni

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama Busia na Malaba. Wanasiasa wetu walikasirika, wafanyabiashara walilia, magazeti yaliandika kila siku. Siku chache baadaye mahindi yaliruhusiwa kwa masharti, ikiwemo cheti cha kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo, kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Nilifuatilia habari ile kwa makini. Ilizungumzwa kama habari ya biashara na heshima ya nchi. Sikusikia mtu akiuliza mahindi yatakayokataliwa mpakani yatakwenda wapi. Mahindi yaliyokataliwa na mnunuzi hayafi. Hurudi sokoni kwa bei ya chini, na mwenye kununua kwa bei ya chini ni mama mwenye watoto. Mashine ya kusaga ya mtaani haina kipimo. Wala wauzaji wengi wa unga wa uji wa lishe, unaochanganywa mahindi, soya, karanga na dagaa na kufungwa katika mfuko wa plastiki, hawana kipimo.

Katika Umoja wa Ulaya, chakula cha nafaka cha mtoto mchanga hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya mikrogramu 0.1 kwa kilo ya aflatoksini B1, iliyo kali kuliko zote. Kwetu, mahindi yanaruhusiwa mikrogramu 5 za sumu hiyohiyo, yaani mara 50. Na kiwango chetu, hata kingekuwa kidogo zaidi, kinamlinda yule anayenunua kwa lori. Anayenunua kwa kikombe hana wa kumpimia.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba maarifa hayakukosekana. Sumu ilijulikana mwaka 1961, chakula cha Uganda kilipimwa mwaka 1966, na kifo cha kijana kiliandikwa mwaka 1970. Kilichokosekana ni mtu wa kuyachukua maarifa hayo na kuyafikisha kwenye sufuria. Bata mzinga walikuwa na mwenyewe wa kuwadai. Mahindi ya lori yana mwenyewe. Mtoto anayedumaa polepole haonekani kama msiba, kwa kuwa hakuna siku moja ambayo watu wanaweza kusema ndiyo siku aliyodhurika.

Yako mambo ambayo familia inaweza kufanya bila maabara: kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kuchambua punje mbovu kabla ya kusaga, kukoboa mahindi, kubadilisha nafaka ya uji, na kutotunza mazao kabla hayajakauka. Kwa mahindi ipo hata njia ya chupa na chumvi. Unatia chumvi kavu na punje katika chupa kavu, unaitikisa, unaiacha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi.

Likizo iliyopita nilimwonyesha bibi njia hiyo. Aliipenda, akaijaribu mara tatu, akawaita majirani waje kuona. Kisha nilimweleza habari za ungo wa pili. Alinyamaza kwa muda, akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, hizi mbovu nikizitupa, nani atanilipa?"

Sikuwa na jibu. Nadhani swali hilo si la bibi peke yake, na halitajibiwa na mama jikoni. Tukimwambia mkulima atupe sehemu ya chakula chake, ni lazima karanga zake nzuri zipate bei inayofidia, na kliniki inayomfundisha kutia karanga katika uji imfundishe pia zipi za kutia. Kwa mwaka huu, mdogo wetu wa mwisho anapewa uji kutoka ungo wa kwanza. Tuliuza kikombe pungufu.